Shingo Yangu Iliyotundikwa Kijiweni

Jumatatu, 9 Machi

Naandika kwa sababu nikisema kwa mdomo nitaishia kumpiga mtu spana.

Mie Eufrazia, mziba pancha na mjaza upepo wa Kibamba, kibanda changu kinatazamana na kijiwe cha bodaboda. Leo nimeitwa muuaji hadharani. Aliyeuawa ni Stanley, ambaye hajafa. Kavunjika mfupa wa bega, yuko kwake anakula uji. Lakini Benedikto akitaka kukuchafua hahangaiki na vitu vidogo kama mtu kuwa hai.

Ilikuwa hivi. Juzi Jumamosi jioni Stanley alikuwa anashuka mteremko, mvua ndo imeanza, tairi la nyuma likaisha upepo ghafla, likamtupa mtaroni. Abiria hakuwa naye, Mungu mkubwa. Kuangalia, valvu ya tyubu imekatika. Na asubuhi yake alikuwa kajaza upepo kwangu. Basi, kesi imeisha, hakimu ni Benedikto, mwenyekiti wa kijiwe.

Leo kavuka barabara na wenzake, hata hodi hakupiga, akachukua shingo yangu juu ya kompresa. Shingo ni kibomba cha shaba kilichopinda. Mzee Khalfani, fundi vyuma, ndo alinitengenezea, kule Chang'ombe. Kuna pikipiki zina rimu nene na ngoma kubwa ya breki, valvu inajificha kule ndani, kichwa cha mpira wa upepo hakiingii hata uimbe. Wengine wanaipinda valvu kwa kidole gumba mpaka inachanika. Mie nafunga shingo kwenye valvu, mdomo wake wa pili unatokea pembeni, nachomeka mpira, upepo unaingia kwa raha zake. Njia hii yote hakuna mwingine aliye nayo.

Benedikto akaiinua juu. "Oneni wenyewe! Hiki chuma ndo kinachana valvu zenu. Kuanzia leo, mtu wa kijiwe hiki asijaze upepo kwa huyu mama."

Akaenda kuitundika kwenye msumari wa nguzo ya kijiwe, kama kunguru anavyotundikwa shambani kutisha wenzake. Naiona kutoka hapa nilipokaa.

Nataka vitu viwili tu. Shingo yangu irudi. Na Benedikto aseme kwa mdomo wake, mbele ya walewale, kwamba si mie niliyemwangusha Stanley. Asiposema kwa hiari atasema kwa namna nyingine.

Jumanne, 10 Machi

Mvua. Mteja mmoja, wa baiskeli.

Alhamisi, 12 Machi

Nimeenda kumwona Stanley. Bega limefungwa, kijiko kakishika kwa mkono wa kushoto, uji unamwagikia kifuani. Nikamwomba anioneshe ile tyubu. Mkewe akaitoa uvunguni. Valvu imekatika shinani, mviringo mzima. Nikaenda uani kuangalia pikipiki yenyewe. Pale valvu inapotokea kwenye rimu, nati imeuma chuma mpaka imeacha kovu.

Nikajua palepale. Mjazaji mbaya anachana valvu upande mmoja, ule alioupinda. Hii haikupindwa, imevutwa. Upepo ukipungua, ukikanyaga breki, tairi linatembea juu ya rimu na kuburuza tyubu. Kama nati umeipandisha juu, imekaa chini ya kifuniko cha valvu, valvu inalala upande. Unaiona imelala, unajua tairi limehama, unakuja nikurekebishie. Ila nati ukiikaza ikashika rimu, valvu hailali ng'o. Inasimama wima, inapendeza, huku ndani shina linanyongwa. Unajiona uko salama mpaka siku ya mtaro.

Na nani anakaza nati Kibamba? Kila Jumamosi asubuhi mwenyekiti wetu anafanya kitu anakiita ukaguzi. Anapita pikipiki moja moja na spana yake mfukoni, anakaza nati za valvu za kijiwe kizima mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Mwaka jana nilimwambia, "Braza, hizo nati usizikaze." Akanijibu, "Sista, nati isiyokazwa ni hereni." Watu wakacheka, na mie nikacheka kijinga.

Nikamweleza Stanley yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaweka kijiko chini.

"Dada, mie nakuamini. Ila mwenyekiti ndo anayenichangishia matibabu. Nikifungua mdomo saa hizi, nitakula nini? Niache kwanza."

Nimemwacha. Benedikto sijamwacha.

Jumamosi, 14 Machi

Ukaguzi. Nilivuta kigoda mlangoni, nikaangalia kama naangalia harusi. Kaza, baba. Kaza vizuri.

Nina kawaida yangu moja. Tairi nikilifunga, napiga mstari mweupe wa rangi, nusu kwenye tairi, nusu kwenye rimu. Ile mistari ikiachana, tairi limetembea. Pikipiki ya Benedikto niliifunga mie tairi la nyuma, mwezi wa kumi na mbili, kabla ya vita. Leo kaiegesha ubavu umenielekea. Mistari imeachana, upana wa kidole. Nati kaikaza mwenyewe.

Sikumwambia. Nimepika maharage ya nazi leo, nimekula nikashiba.

Jumatano, 18 Machi

Bibi Anna kaja. Huyu ni mama mzazi wa Benedikto, kaletwa kutoka Iringa atibiwe presha, na ndiye mtu pekee wa nyumba ile anayenivukia barabara. Mie Mngoni, yeye Mhehe, sie watani tangu mababu zetu walipochinjana wakachoka. Siku hizi kazi yetu ni kutukanana.

"Kamwene, Mngoni! Bado hujarudishwa kwenu?"

"Shikamoo, Bibi. Nilikuwa nasubiri nyie mmalize kukimbia vita, barabara iwe wazi."

Alicheka mpaka akashika nguzo. Akakaa kwenye kigoda changu, akanyoosha miguu yake iliyovimba. Akaniambia anajua mwanawe kanichukulia chuma changu, na kwamba Benedikto ni mbishi tangu tumboni, alitanguliza miguu. Nikamwuliza kwa nini hamwambii anirudishie.

"Mie mama yake. Mama akisema, mtoto anasikia kelele za jikoni. Wewe ndo mtani wake." Kisha akanishika mkono. "Mie nikifa, mtani, usije kulialia pale kama wengine. Uje ututukane. Useme chochote. Mtu akikukasirikia, mwambie Anna ndo alikuruhusu."

Nikamwambia atazika wote hapa Kibamba kwanza. Nampenda huyu bibi, na inaniudhi kwamba kazaa yule.

Jumapili, 22 Machi

Padri kahubiri kusamehe. Saba mara sabini. Nikainua macho, nikamwona Benedikto kiti cha mbele anaitikia kwa kichwa. Yeye!

Ijumaa, 27 Machi

Mvua wiki nzima, Morogoro Road ni mto. Breki nyingi. Mistari: vidole viwili.

Kijiwe kizima sasa kinajaza upepo kwa pampu ya mguu. Nawaona wanavyopiga magoti topeni, mmoja kashikilia valvu kwa kidole gumba, mwingine anakanyaga, upepo nusu unaingia nusu unatoka. Mmoja kanitupia jicho la kuomba. Nikageukia ukutani.

Ijumaa Kuu, 3 Aprili

Leo nimejikasirikia, na hasira yenyewe naidai kwa Benedikto.

Nilikuwa naangalia ile mistari kama kawaida, inakaribia vidole vitatu, moyo unaniambia bado kidogo tu. Mara Bibi Anna katoka na kitenge chake kipya, anapelekwa kwenye Njia ya Msalaba. Akapandishwa nyuma ya pikipiki hiyohiyo. Akanipungia mkono.

Nilikaa. Nikasimama. Nikakaa tena. Nikajiambia kanisa liko karibu, nikajiambia si mie niliyekaza ile nati. Halafu nikajikuta katikati ya barabara na khanga imefunguka, napiga kelele.

"Benedikto! Tairi lako la nyuma linatembea! Mshushe mama, legeza hiyo nati!"

Kijiwe kizima kikageuka. Yeye akavua helmeti taratibu ili asikike.

"Huyu kakosa wateja mpaka anawatafuta kwa unabii. Nenda kajaze baiskeli, mama."

Wakacheka. Bibi Anna hakucheka. Wakaondoka, wakafika salama, wakarudi salama. Mungu anamlinda mama, na mwana anajificha nyuma ya kitenge chake.

Nimeshaonya, mbele ya watu. Sitaonya tena, hata aje na jeneza.

Alhamisi, 9 Aprili

Mwenye eneo kapita. Anasema sehemu isiyo na watu haimfai, masika yakiisha anataka kuweka watu wa kuosha magari. Nikamwonesha ile shingo kwenye msumari. Akasema hayo ya kwenu malizaneni wenyewe.

Haya. Tutamalizana.

Jumamosi, 11 Aprili

Ukaguzi. Kakaza.

Jumatano, 15 Aprili

Stanley katoka leo mara ya kwanza, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Kapita mbele ya kibanda bila kunisalimia. Alipofika kijiweni akasimama muda mrefu anaangalia nati ya pikipiki ya jirani. Kisha akaondoka.

Jumamosi, 18 Aprili

Bibi Anna amefariki alfajiri. Presha. Atuganile, mke wa Benedikto, ndo kaja kunipa habari, bado kavaa aproni ya kupikia chapati. Kanikumbatia, tukalia palepale kwenye matairi. "Kasema uitwe," akaniambia. "Jana jioni. Kasema mtani asikose."

Leo hakuna ukaguzi.

Jumapili, 19 Aprili

Machozi ya kumlilia nimeyamaliza. Sasa akili imerudi.

Keshokutwa, hapana, kesho, ibada itakuwa nyumbani kwao chini ya turubai, kisha mwili unasafirishwa Iringa. Bodaboda wote watasindikiza gari la maiti mpaka Mlandizi, Benedikto atatangulia mbele na pikipiki yake, kaivalisha kitambaa cheusi. Kijiwe kizima kitakuwepo, majirani watakuwepo, Padri atakuwepo. Na mie nitakuwepo nikiwa mtani.

Mtani msibani hakasirikiwi. Anaweza kuvaa nguo za marehemu, akamwiga, akawasema wafiwa kasoro zao zote, akateka chochote na wakakikomboa. Mfiwa akinuna, anachekwa yeye. Wiki zote hizi nimetafuta fimbo, kumbe nilizaliwa nayo.

Nitasema yote. Nitamtaja kwa jina. Nimeinyoosha sketi yangu nyeusi, nimeinyoosha na roho.

Jumatatu, 20 Aprili

Nimechoka, ila lazima niandike leo, kesho nitaanza kulainisha.

Nilifika mapema, nikabeba maji, nikamenya viazi, maana mtani asiyefanya kazi ni mhuni tu. Baada ya ibada, kabla mwili haujatolewa, nikaingia ndani nikavaa sweta ya Bibi Anna na kitenge chake, nikachukua fimbo yake, nikatoka naburuza miguu kama yeye. Turubai zima likapasuka kwa kicheko, na wanawake wakalia hapohapo katikati ya kicheko.

"Kamweneee!" nikaita kwa sauti yake. "Mie Anna, nawaaga. Nawaachia huyu mwanangu Benedikto, aliyezaliwa kwa kutanguliza miguu, mpaka leo kichwa hakijafika!"

Vicheko. Hata Padri alijifunika mdomo. Benedikto akatabasamu kwa shida, kama inavyotakiwa.

Nikaona saa yangu imefika. Nikavua sauti ya bibi, nikasema kwa sauti yangu: "Na huyuhuyu ndiye aliyemwangusha Stanley! Spana yake ndiyo iliyokaza ile nati, akanisingizia mie na shingo yangu!"

Wakacheka zaidi.

Wakacheka! Mmoja akapiga kelele, "Mngoni leo kawaka!" Mwingine akanipigia makofi. Benedikto mwenyewe akapata nafasi ya kupumua, akainua mikono juu, akasema, "Kweli kabisa, ni mie, nifungeni!" Na hiyo ndo ikawa chekesho la siku.

Nilisimama pale na sweta ya marehemu. Nilikuwa nimesema ukweli wangu wote mahali ambapo kila neno la mtani ni mchezo. Yeye kakiri mbele ya watu wote, kama nilivyotaka, na hakuna hata mmoja aliyemsikia. Ningeweza kuzirai kwa hasira.

Pikipiki yake ilikuwa pembeni ya turubai, imefungwa kitambaa cheusi. Nikaiangalia. Mistari: vidole vinne. Na tairi lenyewe limelegea. Nikawaza: niache. Atangulie mbele, ashuke ule mteremko, nilishaapa sitaonya tena. Nakiri niliwaza hivyo na niliona raha. Ila nyuma yake lingekuja gari lenye jeneza la Bibi Anna, na nyuma ya gari kijiwe kizima kimebebana.

Nikachomoa ufunguo wa pikipiki. "Nimeteka!" nikasema. "Msafara hautoki mpaka mfiwa akomboe."

"Taja, mtani!" wakaitikia.

"Tairi lake halina upepo. Alijaze mwenyewe."

Wakaleta pampu. Benedikto na suti yake akapiga goti kwenye matope. Akachomeka, haikuingia. Akageuza gurudumu, haikuingia. Akasukuma valvu kwa kidole gumba, haikusogea, maana nati imeibana. Upepo unatoka pssss, watu wanashangilia, dereva wa gari la maiti anapiga honi. Jasho likamtoka. Mwisho akanitazama kutoka kule chini.

"Mtani. Naomba shingo."

"Iko wapi?"

"Kijiweni."

"Nani aliiweka?"

Akainamia gurudumu. Mtu mmoja akakimbia kuileta, nikamwagiza apitie kibandani kwangu alete na tyubu mpya, rangi yangu na mapao ya kubandulia tairi. Niliposhika ile shaba mkononi nilitaka kuibusu. Nikamwambia Benedikto, "Kabla sijaifunga, toa hiyo nati. Kwa spana yako." Akaitoa. Aliivuta kwa mikono miwili, jinsi alivyokuwa ameikaza. Nikafungua gurudumu, nikachukua mapao, nikanyanyua tairi upande, nikavuta tyubu nje mbele yao.

Valvu ilikuwa imechanika shinani, karibu mviringo mzima. Imebaki ngozi. Nikaipitisha kwa aliye karibu, akampa wa pili.

"Hii hata mteremko isingeumaliza," nikasema. "Shingo yangu haijaigusa tangu mwezi wa pili."

Hapo Stanley akajitokeza, mkono kifuani. Kaitazama ile tyubu. "Yangu ilikatika hapohapo," akasema. Basi, hayo tu. Kicheko kikazimika. Bodaboda mmoja akaondoka kimya kwenda kuangalia pikipiki yake, wa pili akamfuata, wa tatu, mpaka turubai likabaki na wanawake. Ukisikiliza unasikia tu nati zinalegezwa.

"Ni mie," akasema Benedikto.

"Sijasikia, mtani."

"Ni mie niliyekaza! Ya Stanley na hii. Si Eufrazia."

Maneno yaleyale ya mwanzo, ila safari hii hakucheka hata mtoto. Kisha akaanza kulia, na alikuwa anamlilia mama yake, nikaona haya kidogo. Kidogo tu. Nikatia tyubu mpya, nikafunga shingo, nikajaza, nikapiga mstari mweupe. Nikamrudishia ufunguo. Msafara ukatoka.

Mie nikabaki na Atuganile kusugua masufuria. Hakuninunia. Tulipomaliza akaniambia, "Mama angefurahi leo. Mume wangu atachukua muda."

Nisidanganye. Ilikuwa tamu.

Jumamosi, 25 Aprili

Hakuna ukaguzi. Foleni kwangu mpaka barabarani. Yule aliyeniomba kwa jicho tu bila kuvuka barabara nikamweka wa mwisho.

Ijumaa, 1 Mei

Mwenye eneo kapita, kaona watu. Hakusema habari za kuosha magari. Na mie sikuuliza.

Jumatatu, 4 Mei

Benedikto karudi kutoka Iringa. Leo kaja, kasimama kwenye foleni nyuma ya Stanley kama mtu yeyote. Zamu yake ilipofika nikajaza. Nati ilikuwa imekaa juu, chini ya kifuniko, mahali pake.

"Mtani, ulinitenda," akasema.

"Nilikutenda."

"Mbele ya mama yangu."

"Na ruhusa yake."

Akatikisa kichwa. Akavaa helmeti, akaivua tena. "Utani si una njia mbili?"

"Una njia mbili."

"Mama yako bado yuko Peramiho?"

"Yuko."

"Mzima?"

"Mzima."

"Mpe shikamoo yangu. Mwambie mtani wake ameshaanza kujiandaa." Akatabasamu kwa meno yote, akawasha pikipiki, akaenda kupanga foleni kijiweni. Kule kwenye nguzo msumari bado upo, hawajaung'oa.

Jioni nimempigia mama. Nikamwuliza kama amekunywa dawa, kama amevaa sweta, maana kwetu baridi imeanza. Nikamwambia ale mboga, asitembee kwenye utelezi, asibebe kuni, kisimani amtume mtu. Akashangaa. "Eufrazia, una nini leo, mbona unanipenda hivi?"

Nikamwambia, mama, usinifie mwaka huu. Benedikto bado ana hasira.